Je, Wajua? Njia ya Doktora ya Ushauri Nasaha Inapita Eringeti

Eringeti, karibu kilomita 60 kaskazini mwa mji wa Beni, hutajwa kwenye habari pale tu watu wanapouawa au kuhama. Lakini mashariki hii ya Kongo ni mahali ambapo wanasayansi wa dunia walijifunza mengi kuhusu namna ya kumsaidia mtu aliyeumizwa rohoni. Tumekusanya hapa mambo ambayo kijana wa Eringeti, Oicha, Beni au Butembo anayeota kuwa daktari wa saikolojia ya ushauri nasaha anastahili kuyajua, na ambayo mzazi wake pia angefurahi kuyasikia.

Je, wajua kwamba barabara inayopita Eringeti inaelekea kwenye vyuo vya saikolojia kwa pande zote mbili?

Ni Barabara ya Taifa Namba 4, ile RN4. Ukiishika kwenda kaskazini unafika Luna, unaingia Ituri, kisha Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende mpaka Kisangani, penye Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu. Ukiishika kwenda kusini unapita Oicha na Mbau hadi Beni, halafu unakata mashariki mwendo wa kilomita 80 hivi hadi Kasindi, mpakani na Uganda. Ng'ambo ya pili ni Mpondwe, mbele yake Kasese, na mwisho wa safari ni Kampala, kwenye Shule ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Kwenye ramani ni njia moja tu. Kwa msafiri ni jambo lingine. Magari yameviziwa mara nyingi kati ya Beni na Komanda, na kumekuwa na vipindi ambavyo watu walisafiri kwa msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo kipi ni bora, mwanafunzi wa hapa huuliza kwanza upande upi unapitika.

Je, wajua kwa nini Kisangani ina jina kubwa katika saikolojia?

Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Chuo Kikuu Huru cha Kongo katika mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikiunganisha na Lovanium cha Kinshasa na chuo cha serikali cha Lubumbashi, vikawa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA. Vitivo vikagawanywa kwa kampasi: saikolojia na elimu vikapangiwa Kisangani. UNAZA ilipovunjwa mwaka 1981, kila kampasi ikasimama tena peke yake. Leo Kinshasa na Lubumbashi nao wanafundisha saikolojia, lakini kwa miaka hiyo kumi aliyetaka kuisoma nchini alipaswa kwenda Kisangani, mashariki, upande wetu wa nchi.

Je, wajua kwamba ngazi zenyewe zimebadilika?

Katika mfumo wa zamani mtu alifanya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2. Akibahatika aliajiriwa chuoni kama asistanti, akapanda kuwa CT (chef de travaux), akafanya masomo ya juu ya DEA au DES, na ndipo akaingia doktora. Wengi walibaki CT kwa miaka mingi kwa kukosa fedha, kukosa vitabu, au kukosa promota, yaani profesa wa kuwasimamia.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, na doktora miaka 3 kwa uchache. Ukijumlisha ni miaka 8 baada ya diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, endapo hakuna mgomo, hakuna vita na minervali, yaani ada, imelipwa kwa wakati. Mabadiliko haya yana faida moja ambayo wazazi hawaijui sana: ngazi za LMD zinafanana na za nchi nyingi nyingine, hivyo ni rahisi zaidi kuanza lisansi nyumbani na kumalizia masta au doktora ng'ambo ya mpaka.

Je, wajua kwamba si kila daktari wa akili anaandika dawa?

Watu huchanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari wa hospitali kwanza, kisha akabobea. Huyo huandika dawa. Mwenye doktora ya saikolojia ya ushauri nasaha hakupitia njia hiyo. Kazi yake ni mazungumzo yenye utaratibu, vipimo vya hali ya nafsi, mafunzo kwa washauri wengine, na utafiti. Wote wawili wanahitajiana: mtu anayesikia sauti zisizokuwepo na kushindwa kulala kwa wiki kadhaa huenda akahitaji dawa kwanza, na mama aliyefiwa na watoto shambani huenda asihitaji kidonge hata kimoja bali mtu anayejua kumsikiliza wiki baada ya wiki. Mshauri mzuri hujua lini kumpeleka mtu kwa mwenzake.

Je, wajua kwamba fani hii ilizaliwa kwa kuwasaidia vijana kutafuta kazi?

Mwaka 1908 mwanasheria na mwalimu Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston, Marekani, ya kuwasaidia vijana, wengi wao wa familia maskini na za wahamiaji, kuchagua kazi inayowafaa. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maelfu ya askari waliorudi nyumbani walihitaji kujipanga upya kimaisha, na fani ikakua haraka. Carl Rogers, aliyepata doktora yake katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1931, alisisitiza kwamba mshauri asiwe mtu wa kutoa amri bali wa kumsikiliza mwenzake kwa heshima na ukweli. Mwaka 1951, kwenye mkutano wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wataalamu walikubaliana kuhusu jina la saikolojia ya ushauri nasaha.

Asili hiyo inafaa sana Eringeti. Kijana aliyekimbia shamba la baba yake hubeba huzuni, lakini hubeba pia swali la kesho atafanya kazi gani. Mshauri aliyefundishwa vizuri hayatenganishi mawili hayo.

Je, wajua kwamba kuna doktora za aina mbili?

Aina ya kwanza, iliyo ya kale na ya kawaida, hutilia mkazo utafiti: mwanafunzi huandika tasnifu inayoongeza jambo jipya katika elimu. Aina ya pili ilipata nguvu Marekani baada ya mkutano wa Vail, Colorado, mwaka 1973, nayo hutilia mkazo zaidi tiba yenyewe. Jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha USIU-Africa hutoa doktora ya aina hii ya pili katika saikolojia ya tiba, na Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa ile ya utafiti katika saikolojia ya ushauri. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kusimamia kazi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Anayetaka kusomea huko na aulize mapema: cheti changu kitatambuliwa nikirudi Kongo, na je, nitaruhusiwa kufanya mazoezi ya tiba nikiwa mgeni?

Je, wajua kwamba Beni imo kwenye vitabu vya dunia vya tiba ya kiwewe cha watoto?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, wakiongozwa na Paul O'Callaghan, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Beni. Walishirikiana na wasichana 52 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walioathiriwa na vita na ukatili wa kingono. Kwa kura, 24 walianza tiba ya vikundi yenye vikao 15, na 28 wakasubiri zamu yao. Ndani ya vikao walijifunza kutuliza mwili kwa pumzi, kutambua hisia zao, na kusimulia yaliyowapata bila kuzidiwa nayo. Waliotibiwa walipungukiwa sana na dalili za kiwewe na huzuni kuliko waliokuwa wakisubiri.

Mwaka huohuo timu hiyo ilichapisha jaribio lingine la wavulana 50 wa mashariki mwa Kongo, wengi wao wakiwa wamewahi kutumikishwa kama askari watoto, na matokeo yakaelekea upande huohuo. Leo mwanafunzi wa Ulaya au Marekani anayesomea tiba ya watoto wa vita hukutana na kazi hizi. Ni haki mwanafunzi wa Beni naye akutane nazo, azihoji na kuziendeleza.

Je, wajua kwamba vijiji vya Kivu vilibadilisha mawazo ya wataalamu?

Mwaka huohuo wa 2013, jarida kubwa la tiba la New England lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wanawake 405 wa vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, walionusurika ukatili wa kingono, walishiriki. Katika baadhi ya vijiji, wanawake 157 walipewa tiba ya vikundi ya kuchunguza mawazo yanayomfunga mtu, kama lile la kusema kosa ni langu. Katika vijiji vingine, wanawake 248 walipewa msaada wa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa vikundi, na asilimia 42 upande wa pili.

Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma. Tiba hiyo huko ilikotoka hutegemea karatasi na kazi za kuandika nyumbani. Hapa mazoezi yalifupishwa na kurahisishwa ili mtu aweze kuyashika kichwani na kuyarudia akiwa shambani au jikoni. Kabla ya utafiti huo, wataalamu wengi walidhani tiba ya namna hiyo haiwezekani mahali penye vita vinavyoendelea na pasipo na wasomi wa kutosha. Wanawake wa Kivu waliwajibu.

Je, wajua ni nani aliyeendesha tiba hiyo?

Si madaktari. Ni wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale ambao huku tunawaita APS, watu wa mazingira hayohayo waliosoma kwa kiasi na kufundishwa kazi. Nyuma yao walikuwapo wasimamizi Wakongo wa mashirika, na nyuma ya wasimamizi hao wataalamu waliokuwa Marekani, wakifuatilia kwa simu.

Hapo ndipo doktora inapopata maana yake. Hakuna serikali itakayoweza kuweka daktari wa saikolojia katika kila kijiji kuanzia Mbau hadi Luna, na utafiti umeonyesha kwamba si lazima. Kinachohitajika ni APS wa kijijini, na nyuma yake mtu aliyebobea: anayemfundisha, anayemsahihisha, anayepima kama tiba inafaa kweli, na anayejua la kufanya kesi inapokuwa nzito. Nafasi hiyo ya juu imekaliwa mara nyingi na mtu aliye mbali, asiyejua Kinande wala Kimbuba, ambaye mradi ukiisha simu yake haipatikani tena. Doktora ya mtoto wa Eringeti ni njia ya kuileta nafasi hiyo nyumbani.

Je, wajua kwamba Uganda ilionyesha jambo hilohilo miaka kumi kabla?

Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio la vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, maeneo yaliyopigwa vibaya na ukimwi. Kabla ya kuleta tiba yoyote, waliwauliza wanakijiji wenyewe waorodheshe matatizo yao na waeleze huzuni kubwa inavyoonekana kwao. Kisha viongozi wa vikundi, watu wa hukohuko, wakafundishwa kuendesha mikutano ya kila wiki. Baada ya tiba, waliobaki na ugonjwa wa huzuni walikuwa asilimia 6.5, na kwa vijiji visivyopata tiba walikuwa asilimia 54.7.

Hatua ile ya kwanza, ya kuuliza kabla ya kutibu, ndiyo kazi hasa ya mwanafunzi wa doktora. Anayejua lugha za hapa na desturi za kilio na matanga ataiona njia ambayo mgeni hupita bila kuiona.

Je, wajua kwamba maisha ya mtu yanaweza kupangwa sakafuni kwa kamba, mawe na maua?

Ni mbinu ya wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani: Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Mshauri hutandika kamba chini. Mwanzo wake ni kuzaliwa. Mteja huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya, kwa mpangilio wa miaka. Jiwe kubwa ni usiku wa shambulio, jiwe dogo ni ugonjwa wa utotoni, ua ni siku ya ubatizo au mavuno ya kwanza ya kakao. Mwisho wa kamba huachwa umekunjwa, kwa kuwa maisha bado yanaendelea. Baada ya hapo, kikao kwa kikao, mteja husimulia jiwe moja moja mpaka simulizi lote linakamilika, na mara nyingi mshauri huliandika na kumkabidhi.

Mbinu hii ilijaribiwa Uganda. Kwenye kambi ya Nakivale, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008, na waliowatibu walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Nakivale hiyohiyo leo ni makazi ya Wakongo wengi.

Je, wajua kwamba jina la mteja linaweza kumwambia mshauri jambo zito?

Kwa Wanande, mtoto hupewa jina kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Kasereka kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa tatu; Masika ni binti wa kwanza; Muhindo ni aliyezaliwa baada ya mfululizo wa watoto wa jinsia nyingine. Basi fikiri: Kasereka anaketi mbele yako na kusema yeye ndiye mkubwa nyumbani. Mshauri aliyetoka mbali ataandika "mtoto wa kwanza" na kuendelea. Mshauri wa hapa atanyamaza kidogo, kwa kuwa anajua wako wawili waliotangulia, na kwamba siku moja, si lazima leo, atahitaji kuulizia habari zao kwa upole.

Desturi hii ina upande wa pili pia. Kwenye daftari moja la kituo unaweza kukuta akina Kambale na Kavira wengi. Kutunza siri kunadai namba na utaratibu mzuri wa majalada, la sivyo habari za huyu zitasomwa kwa yule.

Je, wajua kwamba dodoso la Kiswahili nalo ni kazi ya kisayansi?

Kuna dodoso la maswali 25 linaloitwa Hopkins, linalotumika duniani kote kupima huzuni na wasiwasi. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi ya kulihakiki jijini Dar es Salaam, miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya ukimwi. Kazi kama hiyo huanza na tafsiri, kisha mtu mwingine huirudisha tafsiri ile kwenye lugha ya asili bila kuona maandishi ya kwanza, na tofauti zikionekana wanakaa kuzisuluhisha. Halafu dodoso hulinganishwa na uchunguzi wa mtaalamu.

Kiswahili cha Dar es Salaam hakisemwi sokoni Oicha. Swali lililo wazi Kariakoo linaweza kumchanganya bibi wa Eringeti. Kulirekebisha dodoso kwa Kiswahili cha Kongo na kwa Kinande ni mada halali ya tasnifu, na matunda yake yatatumika miaka mingi.

Je, wajua kwamba ushauri nasaha wa Afrika Mashariki unadaiwa shukrani na wagonjwa wa ukimwi?

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari mwaka huo, alianzisha na wenzake shirika la TASO nchini Uganda. Waanzilishi kadhaa walikuwa wenyewe wakiishi na virusi. Hapakuwa na dawa za kurefusha maisha. Kilichokuwapo ni kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, na kuisaidia familia isimkimbie. Kutokana na kazi hiyo, ushauri nasaha ulianza kuonekana kama taaluma inayofundishwa, na vyuo vikafuata.

Je, wajua kwamba Ebola iliwaweka wanasaikolojia mstari wa mbele Beni na Butembo?

Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina ulimalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliofariki 2,287. Wanasaikolojia walikuwa sehemu ya timu: kueleza majibu ya vipimo, kuandaa familia kwa mazishi, kumsaidia aliyepona kurudi mtaani ambako watu walimwogopa.

Mambo mawili ya wakati ule yanastahili kukumbukwa. Shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kuta za plastiki angavu, vilivyoitwa CUBE, na ndugu akaweza kumwona mgonjwa wake uso kwa uso bila kuambukizwa. Pia waliopona waliajiriwa kulea watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kumbeba mtoto mikononi wakati wengine wote walipaswa kukaa mbali. Mtu aliyekuwa akikwepwa akawa ndiye anayehitajiwa kuliko wote.

Je, wajua kwamba Daktari Mukwege alipata doktora akiwa na miaka 60?

Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alikuwa tayari daktari bingwa wa wanawake alipoanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Mwaka 2015 Chuo Kikuu Huru cha Brussels, Ubelgiji, kilimpa doktora kwa utafiti wake kuhusu fistula zinazotokana na majeraha, aliouchota kwenye kazi ya miaka mingi ya upasuaji mashariki mwa Kongo. Tuzo ya Amani ya Nobel ilifuata mwaka 2018. Panzi humpa mwanamke tiba ya mwili pamoja na msaada wa kisaikolojia, wa kisheria na wa kujikimu.

Wauguzi na APS wanaodhani wamechelewa wasome maisha haya. Miaka ya kazi haipotei. Inaweza kuwa ndiyo malighafi ya tasnifu.

Je, wajua kwamba wataalamu wa afya ya akili ni wachache kiasi gani?

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, wastani wa dunia ni wafanyakazi 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000. Barani Afrika hawafiki wawili. Mashariki mwa Kongo mzigo huo umebebwa kwa sehemu kubwa na taasisi za kanisa, zikiwemo za Mabruda wa Upendo: SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma. Mtu wa Eringeti anayehitaji huduma hiyo ya Goma atapita Oicha, Beni, Butembo na Lubero, na barabara ikiwa imefungwa hatafika.

Je, wajua kwamba mshauri naye lazima ashauriwe?

Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti ilishambuliwa, na hospitali yake haikuachwa; wagonjwa waliuawa humo. Waliobaki hai miongoni mwa wahudumu walitakiwa kuwahudumia wengine wakiwa wao wenyewe wameumia.

Ndiyo maana mafunzo ya doktora yanadai usimamizi wa karibu. Mwanafunzi hurekodi kikao kwa idhini ya mteja, kisha huketi na msimamizi wake wakasikiliza pamoja: hapa ulimkatiza, hapa alitaka kulia nawe ukabadili mazungumzo, kwa nini? Mara nyingi jibu liko ndani ya mshauri, kwenye msiba wake ambao hajauzungumza. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi apitie ushauri nasaha yeye mwenyewe. Kwa wanaofanya kazi mahali ambapo hatari haijaisha, hitaji hili ni kinga ya maisha, na mashirika yanayoajiri APS yanapaswa kulitengea muda na fedha kila wiki.

Je, wajua kwamba unaweza kuanza kabla ya kupanda ngazi zote?

Kakao na kahawa ndizo zinazolipa minervali za watoto wengi wa eneo hili, na msimu ambao shamba halifikiki kwa hofu, ada nayo haipatikani. Kwa hiyo mpango wa kusoma hatua kwa hatua ni wa busara. Lisansi inaweza kuanzia karibu, ukihakikisha kwanza kwamba chuo kina masomo unayoyahitaji. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, na Beni ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiingereza ni cha lazima mapema, kwa kuwa Makerere na Nairobi husomesha kwa lugha hiyo, na tafiti nyingi za Kivu zilizotajwa hapa zimeandikwa kwa lugha hiyo pia.

Kati ya ngazi moja na nyingine, fanya kazi kama APS na uandike unachokiona, bila majina ya watu. Maswali mazuri ya doktora hutoka huko: kwa nini vikundi vya wanawake wa Oicha hudumu na vingine huvunjika, wanaume wanapeleka wapi huzuni yao, mtoto aliyehama mara nne anasomaje?

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, alitimiza 18 mwaka 2024. Ana umri wa kuingia chuo, na ana ujuzi wa maisha ambao hakuna kitivo kinachoweza kuufundisha. Miaka 8 ya masomo ni mingi, lakini familia, kanisa, ushirika wa wakulima wa kakao na serikali wakichangia ada ya mmoja tu kutoka kila kitongoji, washauri wa vijiji vyetu watapata msimamizi anayeishi karibu nao na kujua lugha yao.